Jinsi ya Kumtengeneza Mtu wa Theluji kwa Takataka za Nyumbani

  Mwaka nenda mwaka rudi kurasa hizi hujaa mashairi, insha na vitendawili. Safari hii nimeonelea nibadilishe mambo kidogo niwaletee somo la mikono. Ukilisoma hadi mwisho utaweza kutengeneza pambo la Krismasi au la sherehe yoyote bila kununua kitu, isipokuwa vijiko vichache vya unga wa ngano. Tena utajua kwa nini mimi nililazimika kulitengeneza mara mbili.

Chanzo cha somo hili

Muhula wa tatu mwaka jana, kitindamimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa gredi ya nne, alirudi nyumbani mbio kama aliyefukuzwa na nyuki. Mwalimu wao alikuwa amesema kila mtoto alete pambo alilolitengeneza mwenyewe kwa vitu vilivyotupwa nyumbani. Walipewa wiki mbili. Wenzake walichagua maua na nyota. Yeye alikuwa amemwona mtu mweupe mnene amesimama mlangoni mwa supamaketi mjini, basi akashikilia kuwa ni huyo huyo tu anayemtaka.

Wazazi wanazijua sana kazi hizi. Si ajabu kumkuta mama wa watu dukani saa mbili usiku akitafuta manila na gundi, na mtoto mwenyewe yuko nyumbani amelala fofofo. Wenye uwezo hununua kitu kilicho tayari, wakabandua karatasi ya bei na kumpa mtoto apeleke. Jirani mmoja alimshauri mamangu afanye vivyo hivyo. Mama akaenda kuuliza. Pambo dogo la mtu wa theluji lilikuwa shilingi 650. Mamangu huuza mboga sokoni, na shilingi 650 kwake si za kuchezea. Alirudi akaniangalia, akasema, "Si wewe ndiye mkubwa? Tafuta njia."

Nikajibu kwa kujigamba, "Niachie mimi, mama."

Mtu wa theluji ni nani?

Kabla hatujashika kazi, yafaa tumjue tunayemtengeneza. Theluji ni mvuke wa maji ulioganda huko mawinguni ukawa chembe nyeupe nyepesi, zikaanguka polepole kama pamba. Tusiichanganye na barafu, ambayo ni maji yaliyoganda yakawa magumu kama jiwe, wala na mvua ya mawe, ambayo wengi wetu tumewahi kuikimbia tukitoka shuleni. Neno lenyewe theluji asili yake ni Kiarabu.

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, theluji ikianguka watoto hutoka nje wakaiviringisha chini mpaka ikawa mpira mkubwa. Hutengeneza mipira miwili au mitatu, wakaipandanisha, mkubwa chini na mdogo juu. Macho huwa ya makaa, pua ni karoti, mikono ni vijiti. Lakini si kila theluji hufaa kwa kazi hiyo. Iliyo kavu mno humwagika kama unga. Inayofaa ni ile yenye umajimaji kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo inayoshikana. Likumbuke jambo hili la maji kiasi, kwa sababu tutalirudia tukifika kwenye gundi.

Usidhani kuwa mchezo huu ni wa watoto peke yao. Mwaka 1494, mjini Florence nchini Italia, theluji nyingi ilianguka, na mtawala Piero de' Medici akamwagiza Michelangelo amtengenezee sanamu ya theluji. Huyu ndiye Michelangelo yule aliyechonga sanamu ya Daudi ya marumaru, ambayo ipo hadi leo. Ile ya theluji iliyeyuka, ikaisha. Mwaka 2008, katika mji wa Bethel, jimbo la Maine huko Marekani, watu walijenga mwanamke wa theluji aliyepita mita 37 kwenda juu, yaani mrefu kuliko jengo la ghorofa kumi.

Hata huko kwao, si lazima mtu wa theluji awe wa theluji. Mjini Zürich, Uswisi, kuna mmoja aitwaye Böögg, ambaye hutengenezwa kwa pamba na nyasi kavu na kujazwa fataki. Mwezi wa Aprili huwekwa juu ya rundo la kuni na kuchomwa ili watu wayaage majira ya baridi. Kwa hivyo mtu akikucheka kuwa wako ni wa magazeti, mwambie wa Zürich ni wa nyasi.

Vifaa vinavyohitajika

1. Chupa moja tupu ya plastiki ya nusu lita, ya soda au maji, na kifuniko chake.
2. Mchanga mkavu wa kujaza nusu ya chupa hiyo.
3. Magazeti ya zamani. Ukikosa, chukua madaftari yaliyojaa ya mwaka uliopita.
4. Pakiti mbili za karatasi za unga wa kilo mbili. Tunataka upande wa ndani, ambao hauna maandishi.
5. Uzi au kamba nyembamba, kama ile inayofungia mdomo wa gunia.
6. Vijiko vinne vikubwa vya unga wa ngano na kijiko kimoja kidogo cha chumvi.
7. Konzi moja ya vipande vya chaki vinavyotupwa darasani.
8. Vifungo vitano vyeusi vya nguo kuukuu.
9. Kipande cha karatasi ya rangi ya machungwa, kama ya pakiti ya biskuti.
10. Vijiti viwili vyembamba vyenye panda.
11. Kitambaa chembamba kutoka chini ya meza ya fundi wa cherehani.
12. Mrija wa karatasi ngumu unaobaki tishu ikiisha, na kipande cha katoni.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: gundi. Koroga unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji. Yakitokota, mimina ule unga huku unakoroga bila kuacha, kama unavyopika uji. Ukiwa mzito, tia chumvi, epua, uache upoe. Chumvi husaidia kuzuia kuvu. Usitumie unga wa mahindi, kwa maana haunati vizuri na ukikauka hubanduka.

Hatua ya pili: msingi. Tia mchanga ndani ya chupa mpaka nusu, kisha ufunge kifuniko kwa nguvu. Uzito ukiwa chini, mtu wetu hataanguka hata upepo ukipita.

Hatua ya tatu: kumnenepesha. Finyanga kurasa za gazeti ziwe kama mipira, uzipange kuizunguka chupa kutoka chini hadi mabegani, ukizifunga kwa uzi kila mara. Endelea mpaka tumbo liwe na upana wa sentimita 15 hivi. Kifuani punguza kidogo. Chini kabisa acha kitako cha chupa kiguse meza. Kwa kichwa, finyanga mpira wa karatasi wenye ukubwa wa chungwa, utoboe shimo upande mmoja, uuvishe kwenye shingo ya chupa. Pitisha uzi juu ya kichwa, uushushe hadi chini ya chupa, uufunge. Fanya hivyo mara mbili ili uzi upishane kama msalaba.

Hatua ya nne: tabaka la kwanza. Chana gazeti vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Nimesema chana, sikusema kata. Ukikata kwa makasi, ukingo hubaki umesimama na huonekana hata baada ya rangi, lakini ukichana, ukingo hulala. Chovya kipande katika gundi, kisha ukipitishe katikati ya vidole viwili ili gundi ya ziada idondoke. Hapa ndipo lile neno la maji kiasi linaporudi. Karatasi iliyolowa chepechepe haikauki upesi, na iliyo kavu haishiki. Bandika vipande vipishane mpaka mwili wote ufunikike, hasa shingoni. Kisha umwanike kivulini penye upepo kwa siku nzima.

Hatua ya tano: tabaka la pili. Fanya kama mwanzo, ila sasa vipande viende upande mwingine. Kama vya kwanza vilisimama, hivi vilale. Anika tena siku nzima.

Hatua ya sita: tabaka la tatu. Chana zile pakiti za unga, ubandike upande wa maandishi ukiangalia ndani. Sasa utaanza kumwona akigeuka. Anika.

Hatua ya saba: theluji yenyewe. Ponda chaki kwenye kitambaa kilicholowa kidogo ili vumbi lisiruke puani. Changanya na gundi iliyobaki na maji kidogo mpaka iwe kama maziwa lala. Kama gundi imeanza kunuka, pika nyingine kidogo. Paka safu nyembamba, iache ikauke, kisha upake ya pili. Hii ya pili usiipake kwa kuvuta. Igongegonge kwa kitambaa kilichokunjwa, nayo itabaki na vinundu vidogo kama theluji ya kweli. Ukipaka nene kwa pupa, itapasuka kama udongo wa shambani wakati wa kiangazi.

Hatua ya nane: kumvisha. Kunja karatasi ya machungwa iwe kama koni ndogo, uibandike iwe pua. Vifungo viwili ni macho, vitatu ni vya koti. Toboa mashimo mawili mbavuni kwa msumari, utie gundi, uchomeke vijiti. Kofia ni mrija wa tishu uliokatwa nusu na kuziba juu kwa katoni, kisha kusimamishwa juu ya duara la katoni la upana wa sentimita 8. Ipake gundi iliyochanganywa na masizi ya sufuria. Kile kitambaa cha fundi mfunge shingoni, naye atakuwa tayari kwa baridi.

Makosa yangu ya kwanza

Hatua hizo ukizisoma ni kama nilizijua tangu tumboni. Sivyo. Mara ya kwanza nilimtengeneza peke yangu usiku mmoja, dadangu amelala. Nilitaka asubuhi aamke amkute ameshasimama, aone kuwa dada yake ni fundi. Sikutia mchanga. Nilibandika matabaka yote matatu mfululizo bila kuanika, nikampaka chaki, nikamweka karibu na jiko akauke haraka.

Asubuhi alikuwa mzuri kweli. Dadangu alirukaruka kwa furaha. Siku ya pili kichwa kikaanza kulala upande mmoja kama mtu anayesinzia darasani baada ya chamcha. Siku ya nne kukawa na harufu. Nilipombonyeza tumboni, kidole kiliingia ndani, na kilipotoka kikatoka na kuvu la kijani. Nje alikuwa amekauka, ndani alikuwa bado uji mtupu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami nilikuwa nimewahi kuliandikia insha jambo hilo na kupata alama nzuri.

Dadangu hakupiga kelele. Aliniangalia tu machozi yakimlengalenga, akaniuliza, "Si ulisema unajua?"

Swali hilo liliniuma. Lakini lililoniuma zaidi ni la mamangu jioni hiyo: "Na huyu mtoto, mwalimu akimwuliza alikitengenezaje, atasema nini?" Nilikuwa nimemnyima kazi yake, sawasawa na wale wanaonunua dukani. Tofauti ni kuwa mimi sikuwa na karatasi ya bei ya kubandua.

Jumamosi tulianza upya, na mara hii kazi ilikuwa yake. Mimi nilipika gundi kwa sababu ya moto, na nikatoboa kwa msumari. Mengine yote aliyafanya kwa mikono yake, mimi nikimshikia tu. Kila siku alipotoka shule alibandika tabaka moja. Mama alitufundisha namna ya kujua kama tabaka limekauka, jinsi anavyopima nguo zilizoanuliwa: weka shavu juu yake. Ukisikia baridi, bado kuna maji, kwa sababu maji yakikauka huondoka na joto la ngozi. Kisha gonga kwa kucha. Kikilia kama kibuyu, endelea. Alhamisi jioni mtu wetu alivishwa kofia. Ijumaa alipelekwa shuleni ndani ya katoni, amefunikwa kwa gazeti asinyeshewe.

Theluji yetu

Aliporudi Ijumaa nilimhoji kama polisi. Alisema mwalimu aliuliza kwa nini mtu huyu hatikisiki. Akaeleza habari za mchanga. Akaulizwa kwa nini ana vinundu. Akaeleza namna ya kugongagonga. Kisha mvulana mmoja akasema kwa dharau, "Kwani nani hapa amewahi kuona theluji? Hiyo ni ya wazungu."

Dadangu alimwonyesha dirisha. Sisi wa upande huu huuona Mlima Kenya asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaufunika, na siku hiyo kilele kilikuwa wazi.

Mlima wetu uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini kilele chake cha Batian kina urefu wa mita 5,199. Kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua, kiasi cha digrii sita hivi kwa kila mita 1,000. Ndiyo sababu huku chini tunapanda kahawa na majani chai, na kule juu maji yanaganda.

Zamani wataalamu wa Ulaya nao walikuwa kama yule mvulana. Tarehe 11 Mei 1848, mmishenari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari hakuuita theluji. Aliuita baridi tu. Rebmann alipoandika habari hizo, wasomi wengine wa London walikataa, wakisema haiwezekani theluji iwe karibu na ikweta. Tarehe 3 Desemba 1849 mwenzake Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, nao ulikuwa na weupe vilevile. Mimi napenda sana jibu la yule kiongozi. Wasomi walibishana miaka mingi, na yeye alikuwa ameshamaliza kwa neno moja.

Kwa bahati mbaya weupe huo unapungua. Barafu iitwayo Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imebaki kidogo sana ikilinganishwa na ramani iliyochorwa mwaka 1934. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa barafu ya milima ya Afrika Mashariki inaweza kwisha kabisa kufikia miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya kutangulia. Theluji inaweza kuendelea kuanguka usiku, lakini barafu ile ya kudumu ikishaondoka imeondoka. Chupa yetu moja na magazeti machache hayawezi kuizuia. Hata hivyo, mtoto aliyemfinyanga mtu wa theluji kwa siku sita huutazama mlima huo kwa macho mengine. Siku hizi dadangu ndiye anayeniita asubuhi, "Dada, njoo uone, leo iko."

Tamati

Mtu wetu angali juu ya kabati. Panya alikula pua yake mwezi wa Januari, tukambandikia nyingine. Nawe ukimtengeneza, mweke mbali na maji na panya. Kama una mdogo wako aliyepewa kazi ya mikono, mpikie gundi, mshikie chupa, kisha utulie. Mwache akosee na kurekebisha mwenyewe, maana mwalimu atamwuliza yeye, hatakuuliza wewe.

Zoezi kwa wanachama

1. Eleza tofauti kati ya theluji, barafu na mvua ya mawe.
2. Kwa nini karatasi huchanwa badala ya kukatwa kwa makasi?
3. Toa njia mbili za kujua kama tabaka limekauka.
4. Taja vitu vitano vinavyotupwa kwenu kila wiki, uandike pambo moja unaloweza kutengeneza kwa kila kimoja.

Majibu mtayapata juu, isipokuwa la nne. Hilo nendeni mkalitafute nyumbani. Kwaherini, na Chama cha Kiswahili kidumu!